Ukitaka panga la Mnaga, linuse kwanza

Kama umewahi kununua kinyago pale Mwenge, muuzaji akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni mpingo mtupu, halafu ukafika nyumbani ukakuta viganja vimejaa kiwi nyeusi, basi kaa vizuri, makala hii ni yako. Mambo hayo hayapo Dar peke yake. Nimeyakuta hata kaskazini mashariki kabisa ya India, kwenye milima ya Wanaga, watu ambao zamani mwanaume alipata heshima kamili akirudi vitani na kichwa cha adui. Siku hizi vichwa havikatwi tena. Kinachokatwa ni mifuko ya wageni, na kinachoikata ni panga la juzi linaloitwa la babu.

Ni watu gani hawa?

Nagaland ni jimbo dogo linalopakana na Myanmar, nchi ambayo wazee wetu wa keya waliijua kwa jina la Burma. Lilianza rasmi Desemba 1, 1963, na makao yake makuu ni Kohima. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta watu karibu milioni 2, yaani jimbo zima linaingia Dar es Salaam na nafasi inabaki. Lakini ndani ya watu hao wachache kuna makabila zaidi ya 15: Waangami, Waao, Wakonyak, Wasumi, Walotha, Wachang, Waphom, Wasangtam na wengineo, kila moja na lugha yake. Wakikutana sokoni wanaongea Kinagamese, lugha ya mchanganyiko iliyotokana na Kiassam. Karibu watu tisa katika kila kumi ni Wakristo, wengi wao Wabaptisti, kazi iliyoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani tangu miaka ya 1870. Jumapili Kohima inatulia utafikiri uko Peramiho.

Mimi ni mtoto wa Iringa, Mhehe. Nilisoma chuo huko Pune, na hosteli nililala chumba kimoja na mshikaji Mwangami kutoka Kohima. Umeme ukikatika, yeye ananisimulia mababu zake na mikuki, mimi namsimulia Mkwawa na Wajerumani. Akawa anasema, siku nikifika kwao nitaona mikuki ya kweli. Nikamjibu kwamba siyo kuona tu, nitanunua mmoja. Akacheka, hakusema kitu. Desemba 2023 nikafunga safari.

Kitonga cha mtoto

Ukifika Guwahati, mji mkubwa wa Assam, unapanda treni hadi Dimapur, mji wa tambarare wenye joto na vumbi. Kutoka Dimapur hadi Kohima ni kilomita kama 74. Unaingia kwenye gari la abiria wanaloliita Sumo, mnabanana kumi humo ndani kama daladala la Mbagala, halafu linaanza kupanda mlima kona baada ya kona, kushoto ukuta wa udongo, kulia korongo. Mtu aliyezoea kulalamika Kitonga akifika huku ataomba radhi. Unatokea juu, zaidi ya mita 1,400, baridi ya Desemba inakupokea, na mji umening'inia mlimani nyumba juu ya nyumba.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwanza makaburini. Usishangae. Aprili hadi Juni 1944 Wajapani walifika Kohima wakitaka kuingia India, na vita vikafika mahali majeshi mawili yakawa yanarushiana mabomu yakiwa yametenganishwa na uwanja wa tenisi wa ofisa wa Kiingereza. Leo pale pana makaburi zaidi ya 1,400, na mistari ya ule uwanja imechorwa upya ardhini. Barabara ya kwenda Imphal ilifunguliwa Juni 22, 1944. Miezi michache baadaye, upande wa pili wa milima hiyo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, keya wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilikuwa ikiwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw kuelekea mto Chindwin. Kwa hiyo, msomaji, inawezekana kabisa babu yako alilowa mvua za huku kabla mimi sijafikiria kupanda ndege.

Dao, siyo dau

Kesho yake tukaenda Kisama, kilomita 12 hivi kutoka Kohima. Hapo ndipo kila mwaka, Desemba 1 hadi 10, hufanyika tamasha lililoanza mwaka 2000 na linalobeba jina la ndege hondohondo, ambaye manyoya yake yalikuwa pambo la mashujaa. Kila kabila limejengewa morung yake. Morung ni bweni la vijana wa kiume la zamani: humo walilala, walifundishwa mila, walitunza ngoma kubwa ya gogo na silaha za kijiji. Fikiria jando lisiloisha mpaka mtu anaoa.

Hapo ndipo unapokutana na silaha zote kwa mara moja, na macho yanachanganyikiwa. Basi nikupange taratibu.

Ya kwanza ni dao. Usichanganye na dau la kuvulia samaki wala dau la kamari. Hili ni panga, lakini limegeuzwa: jembamba karibu na mpini, pana kule mbele, na ncha yake haikuchongoka bali imekatwa moja kwa moja kama patasi. Makali yake yamenolewa upande mmoja tu. Halina kinga ya mkono. Mwenyewe halivai kiunoni pembeni kama sime ya Mmasai, bali huliweka mgongoni, juu kidogo ya makalio, kwenye kibao chenye tundu kilichofungwa kwa mkanda, mkono unalichomoa kwa nyuma. Dao hilohilo linakata kuni, linafyeka shamba, linachinja nguruwe, linajenga nyumba, na zamani lilifanya ile kazi nyingine. Kila kabila lina umbo lake, na hata jina lake. Waao wanaliita nok.

Ya pili ni mkuki: kichwa cha chuma chenye umbo la jani, na kule chini mwiba mwingine wa chuma wa kuuchomeka ardhini. Wa kazi una mti mtupu. Wa heshima, hasa wa Waangami na Waao, mti wake umevikwa nywele za mbuzi zilizotiwa rangi nyekundu, ukiuona kwa mbali utadhani unawaka moto. Ya tatu ni ngao, za ngozi ya nyati au tembo, na zile kubwa za mianzi za Waangami zilizofunikwa ngozi ya mnyama, zinazomfunika mtu karibu mwili mzima.

Makabila ya mashariki, kama Wachang, Wasangtam na Wakhiamniungan, wana upinde wa namna yake: umefungwa juu ya kipande cha mti na una kifyatulio kama cha bunduki. Walikuwepo pia watu wa kuchomeka vijiti vya mianzi vilivyochongoka kwenye njia ya adui, anayekukimbiza usiku anatoboka unyayo. Na Wakonyak, wa upande wa Mon mpakani na Myanmar, ni mafundi wa magobole. Wanatengeneza wenyewe, na kwenye sherehe zao wanayapiga angani mpaka masikio yanaziba. Wazee wao wachache waliobaki wana chale za wino usoni, na wengine shingoni wamevaa vichwa vidogo vya shaba. Pambo hilo halikuvaliwa na kila mtu.

Na hapo, msomaji, ndipo nilipoanza kuelewa. Kwa Wanaga pambo ni cheti. Waangami huvaa kikoi cheusi chenye safu za kauri, zilezile simbi za baharini, ingawa Kohima iko mamia ya kilomita kutoka pwani yoyote. Idadi ya safu ilisema mwenye nguo amefanya nini vitani. Nywele nyekundu, jino la nguruwe, unyoya wa hondohondo, vyote vilikuwa na masharti yake. Kwa hiyo ukinunua mkuki uliopambwa bila kujua wa nani, ni sawa na kununua cheti cha mtu cha Kidato cha Nne ukakitundika sebuleni kwako. Kitapendeza ukutani, ila wewe hukufaulu.

Pua, kidole na jicho

Mwalimu wangu wa mambo haya alikuwa mjomba wa rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, koti la suti juu, shali nyeusi yenye mistari myekundu na kijani mabegani, mdomo umekolea tambuu. Alitukuta Kohima akatupeleka Makumbusho ya Jimbo, pale kilima cha Bayavü, akanisimamisha mbele ya makabati ya vioo kama mtoto wa darasa la pili. "Tazama, halafu uniambie umeona nini." Nikitaja, anatikisa kichwa. "Tazama tena."

Somo lake lilikuwa na hatua, nami nakupa bure.

Anza na pua. Jiko la Mnaga lina moto katikati ya nyumba, na juu ya moto hutundikwa nyama na vitu vingine vya kukaushwa. Chochote kilichokaa nyumba hiyo miaka mingi kinaingiwa na moshi ndani ya mti na ndani ya kamba za henzirani zilizosokotwa kwenye mpini, kinakuwa cheusi chenye kung'aa, na harufu haitoki hata ukiosha. Cha feki kinanuka kiwi, chai au oili chafu ya injini. Loweka kitambaa cheupe, sugua. Ukitoka na rangi, rudisha mahali ulipokitoa.

Halafu kidole. Pitisha polepole kwenye bapa la dao. La zamani lilifuliwa kwa nyundo, kwa hiyo unene unapanda na kushuka. La siku hizi mara nyingi limetokana na springi ya gari, unene sawasawa mwanzo mwisho, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona mistari ya jiwe la umeme la kunolea. Mjomba alisisitiza jambo hapa: jipya siyo feki. Mkulima analihitaji, fundi ameliunda kwa jasho. Linakuwa feki pale mtu anapolitungia umri.

Jicho nalo lina kazi tatu. Litazame kutu: ya kweli ni kahawia nzito, imeshikana na chuma na kuingia kwenye vishimo, ya kutengenezwa kwa chumvi na asidi ni nyekundu na inabaki vidoleni kama unga. Litazame bapa: dao lililotumika limeliwa na jiwe la kunolea, limepungua upana, makali yamejipinda kidogo pale panapofanya kazi zaidi. Tazama mpini: vidole vya mwenyewe vimeacha nafasi zao. Ukiushika ukahisi mkono wa mtu mwingine, umepata.

Kwenye mkuki chomoa uzi mmoja wa zile nywele, kwa ruhusa ya mwenye mali, uuchome na kiberiti. Nywele ya mbuzi inanuka kama nywele kweli, inageuka majivu. Nailoni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Na swali la mwisho halihitaji pua wala kidole. Muulize muuzaji: wa kijiji gani, wa ukoo gani, nani aliushika mara ya mwisho? Akikutajia kabila tu, akasema "wa wakata vichwa, miaka mia mbili," umeshajibiwa.

Mzee wa bei

Mtihani wangu ulikuwa kwenye duka moja la vitu vya kumbukumbu hapo Kohima. Kijana mchangamfu, shati la kisasa, Kiingereza kinateleza. Akanitolea dao limefungwa kwenye kitambaa utafikiri mtoto mchanga. La Mwangami, akasema, la miaka mia mbili, na pamoja nalo kuna upinde wa kifyatulio wa Mwangami huyohuyo.

Nikalinusa. Kiwi. Nikapitisha kidole: laini kama rula. Nikamuuliza Mwangami gani huyo mwenye upinde wa watu wa mashariki, maana makumbushoni nilionyeshwa kwamba Mwangami fahari yake ni mkuki na dao. Kijana akamtazama mjomba wa watu, akaona lile shali, akaangua kicheko. "Mwalimu, kumbe ni mgeni wako!" Bei ikaporomoka mara tano pale pale na chai ikaletwa.

Alipoona hatuna ugomvi akatuambia ukweli. Za zamani za kweli haziji dukani. Wapo wanunuzi wanaozifuata vijijini moja kwa moja, nyumba kwa nyumba, pesa taslimu mkononi, hasa msimu wa ada za shule na ugonjwa. Mwenye nyumba anapokea mshiko, kitu kinashuka Dimapur, na baada ya hapo hakuna tena anayejua kilitoka kwa nani. Kinaitwa tu "Naga, karne ya 19".

Sheria ipo. India ilitunga Sheria ya Vitu vya Kale na Hazina za Sanaa mwaka 1972, na kwa sheria hiyo kitu cha sanaa au ufundi kilichofikisha miaka 100 ni cha kale, na mtu binafsi haruhusiwi kukitoa nje ya nchi. Meno ya tembo, ngozi ya chui milia na manyoya ya hondohondo ndiyo usiyaguse kabisa, yanalindwa na sheria ya wanyamapori. Hata wachezaji wengi wa tamasha sasa wanavaa manyoya ya bandia. Lakini kijijini, saa mbili usiku, ada inadaiwa, sheria ya Delhi iko mbali.

Mkuki wa Khonoma

Mjomba ni mtu wa Khonoma, kilomita 20 hivi kutoka Kohima. Ukifika unaona kwa nini Waingereza walipata taabu. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, kimezungushiwa kuta na malango ya mawe, chini yake mashamba ya mpunga yameshuka ngazi kwa ngazi. Mwaka 1879 watu wa hapa walimuua ofisa wa Kiingereza, Damant, alipokuja na askari wake, kisha Waangami wakaizingira Kohima. Vita vikaendelea hadi 1880. Watu haohao, mwaka 1998, walitenga msitu wao kuwa hifadhi ya ndege na kujipiga marufuku wenyewe kuwinda. Magobole yakatundikwa.

Jioni tukaketi jikoni kuzunguka moto, nyama ya nguruwe ikining'inia juu, chai ya rangi, vikombe vya bati. Ukutani, nyuma ya mjomba, ulikuwepo mkuki.

Sikuhitaji kuuliza. Mti mweusi unang'aa kwa moshi. Nywele zimefifia, nyekundu sehemu nyingine, sehemu nyingine rangi ya matofali, na katikati pametobolewa nafasi tupu ya mkono, laini kama kipini cha jembe la bibi. Mwiba wa chini umelika. Pua, kidole na jicho, vyote vikasema ndiyo.

Mtoto wa mjomba, kijana wa makamo yangu, akanisoma usoni. Akasema kwa Kiingereza ili baba yake naye asikie vizuri: "Unaupenda? Tuongee." Akaeleza, na haki yake nikaiona. Dada yake amepata nafasi ya kusomea unesi Bangalore. Ada inatakiwa kabla ya Februari. Mnunuzi wa Dimapur amekuja mara mbili, wa tatu hatarudi mikono mitupu. Kama lazima uende, afadhali uende kwa rafiki wa familia kuliko kwa mtu asiyejulikana. "Mkuki hauli, hausomi, hautibu," akasema.

Yule dada alikuwa anamimina chai. Hakuinua kichwa. "Mimi sijaomba uuzwe," akasema.

Mjomba akatafuna tambuu yake muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi: "Mgeni, kwenu wewe mkuki wa babu yako uko wapi?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinikuta pabaya. Mkuki wa babu yangu, kwa maelezo ya baba, ulikwenda kwa mlowezi mmoja wa Mufindi, kwa blanketi na sukari. Hakuna aliyeandika kitu. Huenda uko kwenye dari la mtu Ulaya umeandikwa "Afrika". Mikuki ya Kihehe ninayoijua mimi niliiona kwenye makumbusho ya Kalenga nikiwa na safari ya shule, nyuma ya kioo, pamoja na fuvu la Mkwawa mwenyewe. Nikawasimulia hayo: jinsi mwaka 1891 pale Lugalo Wahehe kwa mikuki waliwapiga Wajerumani, jinsi Mkwawa alivyojiua mwaka 1898 wakamkata kichwa, fuvu likaenda Ujerumani, jinsi lilivyotajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na bado likarudi 1954. Miaka 56. Jiko zima likanyamaza. Hadithi hiyo Wanaga hawahitaji kutafsiriwa.

Nikamwambia kaka yule: sitaununua. Kwanza sheria, kitu hiki kina zaidi ya miaka 100 na mimi sina mpango wa kulala mahabusu ya uwanja wa ndege. Pili, nikiutundika Sinza, mgeni akiuliza wa nani, nitamjibu nini? Hakufurahi. "Basi atanunua mwingine," akasema, na hilo nalo lilikuwa kweli. Kukataa kwangu hakukulipa ada ya mtu.

Daftari la kurasa 64

Ndipo mjomba akafanya jambo lililonifundisha kuliko makabati yote ya Bayavü. Akamtuma binti alete daftari la shule na futi kamba. Tukaupima mkuki, chuma kwa chuma, nafasi ya mkono, mwiba. Tukaupiga picha pande zote. Halafu akaanza kusema na binti akaandika: nani aliufua na wa kijiji gani, nani aliupokea, uliingiaje kwa ukoo wao, nani aliubeba mara ya mwisho na katika sherehe gani, nywele zilibadilishwa lini na nani. Tulianza saa moja jioni tukamaliza karibu saa sita usiku. Yule kaka aliyetaka kuuza ndiye aliyekuwa akimsahihisha baba yake majina. Kumbe alikuwa anayajua yote.

Siku zote tunazungumza kutambua silaha kama kazi ya mnunuzi na ya makumbusho. Kumbe kitambulisho kinatakiwa kiandikwe nyumbani, mwenyewe akiwa hai. Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, yana vitu vya Wanaga zaidi ya 6,000, mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani, vingi vikiwa vimekusanywa na maofisa wa Kiingereza, J.H. Hutton na J.P. Mills, miaka ya 1910 hadi 1930. Waliandika kwa makini, wametunza mengi ambayo yangepotea. Lakini kwenye lebo, jina la aliyechukua lipo. La aliyekuwa nacho mara nyingi halipo.

Na mwaka haukuisha tangu nirudi, Oktoba 2024, fuvu la Mnaga lililopambwa kwa pembe likatangazwa kuuzwa mnadani Uingereza, kama vile meza au saa ya ukutani. Waziri Kiongozi wa Nagaland, Neiphiu Rio, akapinga, Wanaga wakapiga kelele, likaondolewa. Juni 2025 ujumbe wao ukaenda Oxford kuzungumzia kurudishwa kwa mabaki ya watu wao. Mtu wa Kalenga akisoma habari hizo haulizi maswali mengi.

Februari 2024 rafiki yangu aliniletea ujumbe. Mjomba ameuza mithuni, yule ng'ombe mkubwa wa msituni ambaye kwa Wanaga ndiye utajiri wenyewe. Alikuwa na wawili, amebaki na mmoja. Binti yuko Bangalore. Mkuki uko ukutani.

Ukitaka kwenda

Mambo ya vibali yanabadilika. Nilipokwenda mimi ilitosha kujiandikisha polisi ndani ya saa 24, lakini Desemba 2024 serikali ya India ilirudisha kanuni ya kibali maalumu kwa wageni wa nje wanaoingia Nagaland. Uliza ubalozini kabla hujakata tiketi. Msimu mzuri ni Novemba hadi Machi. Vyumba Kohima wakati wa tamasha ni vya kugombania, na bei yake usiniulize. Chukua sweta.

Ukitaka dao, mtafute fundi kijijini akuundie jipya, mwambie la kazi. Mimi nililipata hivyo, na stakabadhi ya mkono inayosema limetengenezwa lini na nani. Liweke kwenye begi la chini ya ndege, siyo la mkononi, usije ukaleta kasheshe. Dar ofisa wa forodha aliligeuza mara mbili akauliza la nini. Nikamwambia la kukatia kuni. Akasema hata sisi tunayo. Nikamjibu: lakini hili makali upande mmoja.

Na kabla hujapanga safari ya Nagaland, Krismasi hii ukienda kijijini, chukua daftari la kurasa 64 na futi kamba. Muulize babu kuhusu ule mshale ulio darini, au ile sime, au lile gobole bovu, lilikuwa la nani. Muulize mapema, kabla tambuu haijamwisha mdomoni.